Kontrola mpya kwenye injini zilezile: uchambuzi wa kisa cha jenereta tatu za hoteli, Unguja

Usuli

Hoteli hii iko pwani ya mashariki ya Unguja, upande ambao kusi likivuma hupiga moja kwa moja kutoka baharini. Jina lake, kijiji chake na idadi ya vyumba vyake havina kazi hapa. Baadhi ya namba nimezisogeza kidogo ili mwenyewe asitambulike, ila uwiano baina yao umebaki ulivyokuwa. Niliingizwa kwenye kisa hiki baada ya taa kuzimika mara ya tatu, kwa hiyo ya mwanzo nayaeleza kwa jinsi nilivyoyasikia kwa mafundi na nilivyoyasoma kwenye kumbukumbu za kontrola zenyewe, yaani vile visanduku vya kielektroniki vinavyoendesha jenereta.

Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa nyaya za chini ya bahari za kilovolti 132, kutoka Ras Kilomoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ni wa 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi 2013. Baina ya hizo mbili kuna kile kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme wa Bara, na aliyekuwa na hoteli msimu ule hakuhitaji kuelezwa tena kwa nini anunue jenereta. Jenereta mbili za kwanza za hoteli hii zilinunuliwa kipindi hicho. Ya tatu ilikuja baadaye, imeshatumika, kutoka mradi wa ujenzi uliomalizika Bara. Ilipakwa rangi ikapendeza.

Zote tatu zina injini za dizeli za silinda sita, kVA 400 kila moja, yaani kama kilowati 320. Zinazunguka mara 1500 kwa dakika, na alteneta, ile sehemu inayozalisha umeme, ikiwa ya poli nne kwa mwendo huo inatoa Hz 50. Gavana zake, yaani vifaa vinavyoshika kasi ya injini kwa kuongeza na kupunguza mafuta, zilikuwa za mekanika: mzigo ukipanda kasi inashuka kidogo, Hz 52 injini ikiwa tupu, Hz 50 ikibeba mzigo kamili.

Mizigo mikubwa ni viyoyozi, vyumba vya baridi, dobi na mashine ya kuchuja maji ya bahari. Hii ya mwisho ndiyo mkorofi. Maji ya visima vya ukanda ule yana chumvi, hivyo hoteli inajitengenezea maji yake, na pampu ya shindikizo kubwa inapowashwa huvuta umeme mwingi kwa mara moja.

Kuunganisha jenereta mbili kulikuwa kazi ya mkono. Fundi wa zamu alisimama mbele ya taa tatu zinazowaka na kufifia, akasubiri zizimike zote, dalili kwamba jenereta mbili zinakwenda sawa, ndipo akafunga breka, yaani swichi kubwa ya kuunganisha jenereta. Baada ya hapo alizungusha kitufe cha kasi huku anaangalia mishale ya ampea mpaka mitambo igawane mzigo. Aliyezoea aliifanya kwa dakika mbili. Asiyezoea alifunga breka taa zikiwa zinawaka, na mtikisiko wake ulisikika hadi mapokezi.

Kwa nini walibadilisha

Msimu wa Julai na Agosti jenereta moja haikutosha, na kuunganisha kwa mkono usiku wageni wakiwa mezani kulikuwa kumemchosha kila mtu. Mwenye hoteli alikuwa na njia mbili mbele yake.

Ya kwanza, kununua jenereta moja kubwa. Fundi mkuu aliikataa, na alikuwa na haki. Wakati wa masika hoteli inabaki na mzigo mdogo sana, na injini kubwa ya dizeli ikiendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi na dizeli mbichi vinajaa kwenye ekzosi, pete za pistoni zinaganda. Jenereta ndogo tatu zinakuwezesha kuendesha moja tu, na mzigo uleule ukawa kazi kubwa zaidi kwake.

Ya pili, ndiyo iliyochaguliwa: kubaki na injini zilezile, kung'oa gavana za mekanika, kufunga aktueta za umeme, zinazosogeza mlango wa mafuta, na kontrola za kidijitali. Kontrola inawasha injini yenyewe, inalinganisha volti, kasi na pembe ya mawimbi ya umeme, inafunga breka, kisha inazungumza na wenzake kwa waya wa mawasiliano ili kila jenereta ibebe kilowati sawa. Mzigo ukizidi asilimia 80 inaitwa jenereta nyingine. Ukipungua, moja inapumzishwa. Masafa, yaani hiyo Hz ya umeme, yanakaa 50 muda wote.

Sola na betri zilijadiliwa pia, zikaahirishwa kwa sababu ya fedha.

Kazi ilifanyika Mei. Sababu ilikuwa ya maana: hoteli karibu tupu, hakuna mgeni wa kulalamika umeme ukikatwa mchana. Kasoro yake ni kwamba mzigo wote uliokuwepo ulikuwa kama kilowati 60. Mkandarasi aliomba zile heita kubwa za kupima jenereta, zinazobebwa kwenye fremu na kupozwa kwa feni. Kuzileta kutoka Dar es Salaam kwa boti ya mizigo kulionekana ghali, ombi likakataliwa. Akaseti kontrola kwa mzigo aliokuwa nao, akaipa gavana wepesi mkubwa wa kujibu ili masafa yasitikisike, akakabidhi. Siku ya makabidhiano kila kitu kilifanya kazi vizuri mno.

Siku ileile meneja aliagiza daftari la zamu lifungwe. Lile daftari la kuandika kila saa ampea, joto la maji, shindikizo la oili na rangi ya moshi. Skrini sasa inahifadhi yote, alisema.

Kilichotokea

Jioni moja ya Julai umeme wa gridi ulikatika, hoteli ikiwa imejaa. Jenereta ya kwanza ilishika mzigo ndani ya sekunde kama kumi, nyingine mbili zikaungana nayo zenyewe. Mzigo ulikuwa karibu kilowati 600, mia mbili mia mbili kila moja. Dakika chache baadaye pampu ya maji iliwaka. Masafa yakaanza kupanda na kushuka, injini zikawa zinanguruma kwa zamu, halafu breka ya namba tatu ikaruka. Skrini iliandika kwamba nguvu imerudi nyuma: jenereta imeacha kuzalisha, inasukumwa na wenzake. Mbili zilizobaki zikaangukiwa na mzigo wote pamoja na ule wa pampu, zikazidiwa, zikaruka. Kiza.

Walizima pampu, wakawasha upya, wageni wakamaliza chakula. Mkandarasi, kwa simu, aliwaelekeza kupunguza wepesi wa gavana. Mngurumo ulipungua kweli.

Wiki chache mbele yakatokea yaleyale. Safari hii ilikuwa Jumamosi usiku, na uamuzi uliofanywa ndio ninaoulaumu zaidi katika kisa kizima, ingawa naelewa ulivyofikiwa. Kinga ya nguvu kurudi nyuma, ile inayorusha breka, ilikuwa imesetiwa asilimia 8 ya uwezo wa jenereta kwa sekunde 2. Wakaipeleka asilimia 15 kwa sekunde 10. Hoja ilikuwa kwamba kinga "ina wasiwasi", inaruka kwa jambo dogo. Hoteli imejaa, meneja amesimama mlangoni, hakuna aliyetaka kusikia neno uchunguzi. Lakini kinga ile ipo kwa sababu: injini iliyokosa mafuta ikizungushwa na wenzake kama mota inaweza kuvunjika, na dizeli isiyoungua iliyomo kwenye ekzosi ya moto ni hatari ya kuwaka.

Mara ya tatu, mwisho wa Agosti, namba tatu haikuruka haraka. Ilisukumwa kwa sekunde zote kumi, ikatoa moshi mweusi uliopepea hadi bwawa la kuogelea, kisha zikazima zote.

Kilichoonekana

Nilipofika nilianza na kumbukumbu za kontrola. Kilowati za jenereta zote tatu zilikuwa sawasawa, mstari juu ya mstari. Mtu akitazama ukurasa ule wa mwanzo ataapa kwamba mitambo iko salama. Ukurasa wa tatu, ambao hakuna aliyekuwa anaufungua, ulikuwa na nafasi ya aktueta, yaani mlango wa mafuta umefunguliwa kiasi gani. Kwa kilowati 200 zilezile, namba moja na mbili zilikuwa zimefungua kama asilimia 60. Namba tatu, asilimia 85.

Wakati naonyesha namba hizo, kijana wa zamu ya usiku alimgeukia fundi mkuu.

"Si nilikwambia, mzee? Ile namba tatu inakohoa tangu masika."

"Uliniambia, mwanangu. Uliandika wapi?"

Kijana akanyamaza. Daftari lilikuwa limefungwa.

Hatukuwa na vipimo vya joto kwenye ekzosi za kila silinda. Fundi mkuu akamtuma mtu jikoni akachukue kile kipima joto cha kulenga, cha mpishi, ambacho wanapimia mafuta ya kukaangia. Mpishi hakufurahi. Tuliendesha namba tatu na mzigo wa wastani, tukalenga shingo za ekzosi moja baada ya nyingine, pahala palepale kwenye kila shingo. Silinda nne zilisoma kati ya nyuzi joto 330 na 350. Ya pili ilisoma 240, ya tano 410. Joto la nje la chuma si joto la gesi yenyewe, lakini hapa tulikuwa tunatafuta tofauti, na tofauti hiyo hata kipima cha jikoni kinaiona. Silinda ya pili haiungui sawasawa. Ya tano inaungua kwa kuchelewa, mafuta yanaendelea kuwaka yakiwa njiani kutoka.

Injekta, vile vifaa vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda kupitia ncha iitwayo nozeli, zilifunguliwa, zikapelekwa mjini kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozeli ya pili ilikuwa inafunguka kwa shindikizo dogo kuliko linalotakiwa na kutoa mchirizi badala ya ukungu; ya tano ilikuwa inadondosha.

Hilo lilieleza moshi na joto, halikueleza kwa nini injini ilikata mafuta ghafla. Jibu la hilo lilikuwa mambo mengine mawili.

Moja, sensa ya kasi. Ni kijiti cha sumaku kilichofungwa kwenye nyumba ya gurudumu zito la injini, kinahesabu meno yanapopita. Ncha yake ilikuwa na utando mweusi wa oili na unga wa chuma, na kwenye plagi yake chumvi ilikuwa imeotesha ukoko wa kijani. Kusi la miezi mitatu lilikuwa limeingia kwenye chumba cha jenereta kupitia matundu ya hewa yanayotazama bahari.

Mbili, ethi, yaani kiungo cha mtambo na ardhi. Ardhi ya pale ni uwanda, jiwe la matumbawe. Fimbo ya ethi inagonga mwamba kabla haijazama ipasavyo. Kila jenereta ilikuwa na fimbo yake, na ganda la waya wa mawasiliano lilikuwa limefungwa kwenye ethi ncha zote mbili. Ethi mbili zisizolingana, zimeunganishwa na ganda jembamba la waya: pampu kubwa ikiwaka, mkondo unapita kwenye ganda na kelele inaingia kwenye waya wa ndani.

Mfuatano wa usiku ule sasa ulisomeka. Pampu inawaka, masafa yanayumba. Namba tatu, ambayo tayari mlango wake wa mafuta uko karibu na mwisho, haina cha kuongeza. Sensa chafu na waya wenye kelele vinaipa kontrola habari ya uongo kwamba kasi imezidi, kontrola inafunga mafuta, wenzake wanaisukuma. Kinga ilikuwa inaona sawasawa siku zote.

Matengenezo

Nozeli zilibadilishwa kwa injini zote tatu, maana hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya lini zilibadilishwa mara ya mwisho. Ethi zote zilikusanywa kwenye bamba moja la shaba, na ganda la waya likaachwa limefungwa ncha moja tu. Plagi zilisafishwa, zikapakwa grisi ya umeme, na matundu ya hewa yakawekewa vipande vya kugeuza upepo.

Kuhusu sensa ya kasi nieleze kidogo, kwani nimeona nyingi zikivunjwa. Kabla ya kuirudisha, zungusha injini kwa mkono mpaka jino likae katikati ya tundu. Kaza sensa kwa vidole hadi iguse jino, kisha irudishe robo tatu ya mzunguko, funga nati ya kuzuia. Nafasi inayobaki ni kama milimita moja. Ukiigusisha kwenye bonde baina ya meno mawili halafu ukarudisha robo tatu, jino la kwanza litakalopita litaikata ncha, na utaondoka na kijiti nusu mkononi.

Baada ya hapo ndipo kuseti gavana kulipoanza upya, na safari hii kwa mzigo wa kweli. Mtu mmoja alipendekeza pipa la maji ya chumvi lenye mabamba ya chuma ndani, mbinu ya zamani ya kupata mzigo wa bure pwani. Kwa kVA 400, wazi, watu wamevaa ndara? Tulikataa. Tulikubaliana na dobi na jiko: asubuhi, wageni wakiwa ufukweni, heita za maji na mashine za kukaushia nguo ziliwashwa kwa makundi tuliyoyapanga, na mwisho pampu ya maji. Kila hatua tuliandika kilowati, nafasi ya aktueta na joto la shingo sita. Wepesi wa gavana ulipandishwa kidogo kidogo mpaka injini ikaanza kunguruma, kisha ukarudishwa nyuma kwa nafasi ya kutosha.

Kinga ilirudishwa asilimia 8 kwa sekunde 2. Na pampu ya maji ikafungiwa ruhusa: haiwaki mpaka jenereta mbili ziwe zimeshika mzigo.

Matokeo

Msimu wa Disemba ulipita bila kiza cha kujitakia. Gridi ilikatika mara kadhaa, jenereta zikashika, pampu ikawaka, masafa yakayumba kidogo na kutulia. Kwa mzigo sawa, nafasi za aktueta za injini tatu zilikuwa zinatofautiana kwa asilimia chache tu.

Mwenye hoteli aliuliza ameokoa lita ngapi za dizeli. Hakuna aliyeweza kumjibu. Mita ya mafuta haikuwekwa kabla ya mradi wala baada yake, na tangi moja linalisha jenereta zote. Ni aibu ndogo, na ingezuilika kwa bei ya mita tatu.

Uchambuzi

Kontrola zenyewe hazikuwa mbovu, na mkandarasi alijua kazi yake. Kilichokosekana ni kuelewa kwamba kubadilisha gavana kulibadilisha pia jinsi ugonjwa wa injini unavyojionyesha.

Kwa gavana ya mekanika, kasi ndiyo inayoamua mlango wa mafuta ufunguke kiasi gani. Injini mbili zikiwa pamoja zina kasi moja, kwa hiyo milango inafunguka sawa. Iliyo dhaifu inatoa nguvu ndogo kwa mafuta yaleyale, na mshale wake wa ampea unakaa chini ya wa mwenzake. Fundi anauona kwa jicho. Kontrola mpya inapima kilowati na kuzilazimisha ziwe sawa. Ikikuta injini dhaifu inaiongezea mafuta kimyakimya, kama mwalimu anayempandishia maksi mtoto ili darasa lote lionekane limefaulu. Kilowati zinalingana. Udhaifu umehamia kwenye nafasi ya aktueta na joto la ekzosi, na huko hakuna aliyetazama.

Ndiyo maana kufunga daftari nakuweka juu kuliko nozeli mbovu katika orodha ya sababu. Nozeli huchakaa, hilo ni la kawaida. Lakini "rangi ya moshi" ilikuwa safu ndani ya daftari, na skrini haina pua wala macho. Tangu Mei hadi Agosti kulikuwa na mtu anayejua kwamba namba tatu inakohoa, na hapakuwa na pahala pa kuliweka neno lake.

Kuseti kwa mzigo wa kilowati 60 nako kulichangia, ila kwa kiasi. Wepesi uliofaa injini iliyo karibu tupu ulikuwa mkali mno kwa injini yenye kazi. Hata hivyo, mkandarasi aliomba vifaa akanyimwa, na jaribio la kutumia heita na dobi lingewezekana hata Julai mwanzoni, kabla hoteli haijajaa, kama mtu angelifikiria.

Lililofanya kazi: kukataa jenereta kubwa, kufungia pampu ruhusa, na kile kipima joto cha jikoni.

Ilivyo kwenye mitambo ya gesi

Kisa hiki nilikieleza kwa wenzangu wanaofanya kazi kwenye mitambo ya gesi Bara, Ubungo na Kinyerezi, ambako sehemu ya umeme unaoingia Fumba inazalishwa. Walisema wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine.

Tabo ya gesi ya kisasa, yaani mtambo unaozungushwa na gesi ya moto, inachanganya gesi na hewa nyingi kabla ya kuwasha, ili mwali usiwe wa moto mkali unaozalisha oksidi za naitrojeni. Mwali mwembamba namna hiyo unaishi kwenye ujia finyu. Ukipungua zaidi unazimika; ukiyumba, shindikizo ndani ya chumba cha mwako linaanza kudunda kiasi cha kuvunja vyuma. Hewa ya mchana wa Februari na ya usiku wa Julai hazina uzito mmoja, hivyo seti ya msimu mmoja haifai msimu mwengine. Zamani fundi bingwa alikuja mara chache kwa mwaka kurekebisha kwa mkono. Sasa kuna mifumo inayosoma mdundo wa shindikizo, moshi na joto la ekzosi, na kusogeza mgawo wa gesi baina ya vichomeo mfululizo, saa zote.

Na hapo ndipo mtego wa namba tatu unapojirudia. Kichomeo kimoja kikianza kuziba au kupasuka, mfumo unasogeza mgawo, mdundo unatulia, moshi unabaki ndani ya kikomo, megawati zinatoka kama kawaida. Tabo hizi, tofauti na jenereta zetu, zina duara la vipima joto kwenye ekzosi, na tofauti baina ya kipima cha juu kabisa na cha chini kabisa inakuonyesha kuna chumba cha mwako kisicho sawa. Mmoja wa wenzangu anaandika pia, kila wiki kwa mzigo uleule na saa ileile, mfumo umesogeza mgawo umbali gani kutoka pale ulipoanzia siku ya makabidhiano. Anaandika kwa kalamu.

Hotelini daftari limerudi. Lina safu mbili mpya, nafasi ya aktueta na joto la shingo sita, na jikoni wamenunuliwa kipima joto kingine.